Herufi Moja

Nilianza na upepo.
Niliandika unavyong'ang'ania mabati ya Punta Arenas,
wapita njia wanavyoinama kama wanaotafuta sarafu,
mlangobahari ulivyokuwa na rangi ya risasi,
mistari kumi na mmoja, na yote niliipenda.

Doña Orfelina akaisoma amesimama,
miwani kwenye ncha ya pua, kahawa imempolea mkononi.
Akauliza: "Upepo umekufa?"
Nikasema hapana.
"Basi nani kafa?"

Katika mstari wa kumi na mbili alikuwapo mtu:
mchomelea vyuma, miaka ishirini na sita,
ameanguka kutoka juu ya tangi la gesi saa moja asubuhi.
"Mtoe huko chini," akasema. "Anakosa hewa."

Ndivyo nilivyofundwa. Hapakuwa na ubao wala chaki,
kalamu nyekundu tu, na sauti iliyokwaruzwa na sigara.
Habari, alisema, huvaliwa kinyume cha hadithi:
mwisho hutangulia, kilele ndicho mlango,
maana msomaji ana mkate mdomoni na basi halimngojei,
na mpanga kurasa akikosa nafasi hukata kuanzia miguuni.
Usiufiche moyo kwenye kisigino.

Siku hiyo hiyo waziri alishuka kutoka Santiago
kukata utepe.
Siku hiyo hiyo pengwini aliingia benki
akasimama kwenye foleni, wanasema, kwa adabu kuliko wateja.
Tukawapima.
Waziri ana jina, lakini utepe ni utepe.
Pengwini ana kicheko, na kicheko huuza.
Marehemu ana nini?
"Ana ukaribu," alisema Doña Orfelina. "Ana leo.
Ana wenzake mia tatu watakaolipanda tangi lile lile kesho."

Mwenye gazeti akapiga simu.
Waziri akapata ukurasa wa kwanza, pengwini wa tatu,
mchomelea wa sita, chini ya bei za kondoo.
Sikuona aibu wakati ule. Nilikuwa nahesabu maneno.

Nilikuwa nayo yote: nani, nini, wapi, lini, vipi.
Kwa nini, niliiacha wazi,
kwa sababu kampuni ilisema ni uzembe wake
na fundi mwenzake alisema mkanda ulichakaa tangu Machi,
na Doña Orfelina alisema, "Waandike wote wawili, kwa majina yao,
na wewe usiwe wa tatu."

Asubuhi mama yake akaja.
Koti amelifunga vifungo kombo,
gazeti amelikunja mara nne.
Hakulalamikia ukurasa wa sita.
Hakutaja mkanda, wala waziri.
Aliweka kidole juu ya jina:
Yerko Kusanovis.

"Huyu simjui," akasema. "Mungu amrehemu.
Lakini wangu huishia na c.
Babu yake aliivusha c hiyo melini kutoka Brač,
hakuwa na mzigo mwingine.
Wangu je, mtamtangaza lini?"

Nikafumbua kinywa, nikitafuta pa kuanzia.
Yale matano yote niliyokuwa nayo
hayakunipa hata moja.
Nilikuwa nimelisikia jina kwenye simu, kelele za karakana nyuma yake,
nikaogopa kuuliza mara ya pili,
nisije nikaonekana mgeni wa kazi.

Sahihisho lilitoka Alhamisi, ukurasa wa pili, mistari miwili.
Ni habari fupi kuliko zote nilizowahi kuandika
na niliiandika mara nane.
Doña Orfelina aliisoma amekaa.
Hakugusa kalamu.

Nilisikia kwamba mama aliikata kwa mkasi wa kushonea,
akaitia ndani ya kitabu cha sala,
na gazeti lililobaki likamponyoka mlangoni,
waziri na utepe wake wakipaa juu ya mabati,
wakisukumwa na kile ambacho hakikuwa habari.