Picha ya Kwamboka, Elburgon

Nilichota maji kwa kopo lake,
nikachovya brashi. Rangi ya udongo wa shamba hili
haimo katika kijisanduku changu; nikachanganya
nyekundu, kahawia, na tone la strungi yake.

Mvi sikuzipaka. Niliacha karatasi ilivyo,
nyeupe, kama pareto kabla haijachumwa.

Vidole vilinishinda. Kila nikivinyoosha
vinajikunja tena, vinatafuta ua.

Manyunyu ya Mau yakaingia barazani, shavu likatiririka
hadi kwenye kola ya koti la marehemu Omwenga.
"Liache," akasema, "ndivyo lilivyo."

Akaitazama picha, akaigeuza hata nyuma.
"Na namba yangu? Mia nne kumi na saba.
Karani atanijuaje
siku ya malipo?"