Neno la Daktari

Hospitali ya Hull, ghorofa ya tatu.
Daktari Hargreave amelitoa neno lake,
la Kigiriki, limepigwa pasi, halina kunyanzi,
kisha amenitazama mimi.
Mkalimani. Nalipwa kwa saa, na nauli ya basi juu.

Bi Mwanaesha Shee, mzaliwa wa Chula,
anahesabu vifungo vya koti la mwanawe.

Nikatafuta neno.

Bashiri? Hilo asili yake ngozi,
bashara, ngozi ya uso
inayogeuka rangi habari ikiingia,
na habari zenyewe aghalabu ni njema.
Sikuweza kumletea sanduku la harusi
ndani nimekunja sanda.

Ramli ni mchanga, mchanga na vidole.
Huyu ana picha, ana damu ndani ya vichupa.
Na bibi angeniuliza: basi kaona nani kanitupia?

Agua. Hapo nilisita.
Hili halikushuka bandarini, tulikuwa nalo.
Kuagua ni kuujua ugonjwa ulikotoka,
na kuagua ni kuutoa.
Waliolitunga hawakuona haja ya maneno mawili.
Daktari ameujua.
Mikono yake iko juu ya meza, mitupu.

Ikabaki tabiri,
neno la redio, la mvua na mechi za Jumamosi.
Lakini lifukue: chini kabisa kuna abara, kuvuka.
Ndoto ilikuwa maji,
na aliyeifasiri alikushika mkono mpaka ng'ambo.
Asubuhi ile nilikuwa nimevuka Humber kwa basi,
ukungu umelila daraja nusu,
na malori yakiingia kwenye weupe
bila hata kupunguza mwendo.

"Bibi," nikasema, "daktari anatabiri kwamba..."

"Hatabiri huyo. Anahesabu.
Mingapi?"

"Mitano."

Niliutazama uso wake, ile ngozi.
Haikugeuka.
Alifunga kifungo cha juu, kile kilicholegea uzi,
akauliza kama basi la saa nane linapita sokoni,
maana mjukuu hali wali bila samaki,
na samaki wa huku, ukichelewa,
hubaki vichwa, navyo wanavitupa.

Daktari akaniinamia:
amesema nini?

Nikatafuta neno.