Marahaba

Kikosini tulikuwa watano, na mimi nilikuwa Nyigu.
Hakuna aliyejua Nyigu amefunga kitenge kiunoni
na ana maharage jikoni anayoyasikilizia kwa sikio moja.
Nililinda daraja. Nilichelewa kugeuka.
Tukafa wote, kwa kosa langu, sikatai.

Ndipo Kiboko_77 akafungua maiki.

Sitayaandika. Kuna watoto wanaosoma.
Niseme tu kwamba alianzia kwangu,
akashuka kwa mama yangu, akapiga kambi huko,
akamvua nguo moja moja mbele ya watu watatu
wasiomjua. Wawili wakacheka.
Wa tatu akakohoa.

Kipo kitufe, chekundu, kidogo kama punje ya mtama:
ukikibonyeza, mtu anabaki akipanua mdomo
kama perege kwenye beseni.
Kidole changu kilikuwa juu yake.

Lakini nyuma ya matusi nikasikia kwaya.

Jumatano, hapa Kiboriloni, kwaya ya usharika wanafanya mazoezi.
Ubeti uleule tangu Pasaka,
na sauti ya pili huteleza palepale, kwenye neno rehema.
Dirishani kwangu wakateleza.
Nusu sekunde,
na masikioni mwangu, nyuma ya tusi la mama,
wakateleza tena.

Nikavua hedifoni. Nikavaa. Nikavua.
Rehema dirishani. Rehema masikioni.
Huyu hayuko Ulaya, hayuko hata Arusha.
Huyu akirusha jiwe litaangukia bati letu.

Kesho yake mama alitaka mchele kilo mbili na uzi wa kufumia.
Nyuma ya kaunta, kijana mwembamba,
shati la shule limefungwa hadi kifungo cha juu,
akainamisha kichwa.
"Shikamoo mama."
Sauti ileile, na mkwaruzo wake uleule kwenye r.
"Marahaba mwanangu. Masomo?"
"Tunashukuru mama, yanaendelea."
Akapima mchele, akaongeza konzi moja ya bure.
Mama akanigusa kiwiko: umemwona Godlisten?
Hayo ndiyo malezi.

Godlisten. Jina la mzazi aliyeomba asikilizwe.

Nilikuwa nayo mdomoni, yote, neno kwa neno,
lile la pili hasa.
Ningeyamwaga pale kati ya mizani na sabuni za mche
na mama angejua jina lake lilifanywa nini jana usiku.
Nikamtazama akihesabu noti, miwani imeshuka puani.
Kuyarudia ni kumvua mara ya pili.

Nikapokea chenji.
"Nyigu anakusalimia, Kiboko."

Shilingi mia ikamponyoka, ikaviringika chini ya friza.
Hakuiokota.
Mama akaangaza darini: nyigu? Wameingia humu?
"Mmoja tu mama," nikasema. "Hajauma bado."

Jumatano iliyofuata aliingia, maiki wazi.
Nilidhani ataomba radhi. Hakuomba.
Pumzi tu, na friza ikinguruma, na mbali kidogo, kwaya.
Nikalinda daraja. Nikachelewa kugeuka,
ndivyo nilivyo, mkono wangu mzito kushoto,
na mmoja wa wale waliocheka akaanza,
"We Nyigu, mama ya..."

"Acha," akasema Kiboko.
Hilo tu. Kwa sauti ya mtu anayepima mchele.

Yule akaacha. Labda kwa mshangao.

Sijamsamehe. Kitufe kipo, na kidole changu kipo.
Lakini sikubonyeza, wala yeye hakuondoka,
na kwaya walikuwa wanapanda kuelekea neno lao,
nasi tukawasubiri, mimi dirishani, yeye dukani,
nusu sekunde kati yetu,
tukijua fika kwamba watateleza,
wakateleza.