Njia ya Mkato

Basi lilitushusha langoni pa bustani ya wanyama,
likageuza, likarudi katikati ya Krakow na joto lake lote.
Tukabaki sisi wawili, makopo mawili ya rangi,
brashi ya waya,
na goti la Bwana Bogumił, linalolia kama bawaba.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba.
Ukungu ulikuwa umekaa kati ya miti
kama mgeni aliyefika mapema kwenye shughuli
asijue aanze kuzungumza na nani.

Kazi yenyewe ni ndogo:
mistari mitatu, mweupe, wa buluu, mweupe,
upana wa vidole vitatu, usawa wa macho,
na kila alama ionekane ukisimama kwenye iliyotangulia.
Miaka thelathini na moja ameifanya bila senti.
Kabla ya hapo alikuwa fundi wa breki za tramu.
"Tramu haiulizi njia," husema,
"ndiyo maana nikauhamia msitu."

Mimi hushika kopo na kukwangua ukoga.
Miti ya buk ina ngozi laini ya kijivu,
yenye mikunjo kwenye viwiko; rangi huipokea vizuri.
Mwaloni huinywa, hauambiwi basi.
Msonobari hubambuka magamba,
na mwakani ukirudi, alama imeshahama na gome lake.

Walitupita wakimbiaji wenye waya masikioni,
mama akirusha kigari cha mtoto juu ya mizizi
huku akimsema mtu kwenye simu,
na mbwa aliyevaa koti zuri kuliko langu.
Kisha, nyuma ya ukungu, akanguruma simba.
Simba kweli, wa kule bustanini,
anadai nyama yake ya saa nne.
Mbwa akakaa chini.
Brashi ya Bogumił haikutikisika.
"Leo wamemchelewesha," akasema.

Tukafika konani.

Hapa njia yetu, ile ya kwenye ramani,
hukata kulia, hupanda, huzunguka genge,
hushuka tena: dakika ishirini.
Na hapa watu wamejitengenezea yao,
moja kwa moja katikati ya vichaka,
nyembamba, nyeusi, imeng'arishwa na soli.
Njia ya mwongo fupi, hunung'unika kila mwaka,
akiiziba kwa matawi.
Na kila mwaka tunayakuta matawi yamepangwa pembeni
kwa adabu, kama viatu mlangoni.

Safari hii aliutazama mlima
kama mtu anayesoma bili ya umeme.
Akakohoa. Akafunga kopo. Akalifungua.
Halafu akaingia kwenye mkato bila kunitazama,
mkono mmoja gotini,
nami nyuma yake, nikihesabu hatua nisije nikacheka.
Ya tisini na tatu, akasimama.

Palikuwa na ubao juu ya tope,
umepigiliwa misumari na mtu asiye fundi,
misumari mingine imelala.
Na kwenye mti wa pembeni, usawa wa kifua changu,
alama: mweupe, wa buluu, mweupe,
kwa chaki, ile ya watoto wa shule,
mvua ya juzi imeshaanza kuilamba.

Alivua glavu. Akaipima kwa vidole.
Nilingoja. Nilijua maneno yake yote,
hata yale ya breki.

"Upana umezidi," akasema.
Na baada ya muda: "Kidogo tu."
Akanipa brashi.

Sikuwahi kupaka, miaka yote sita.
Wa kwanza ukanyooka. Wa buluu nao, karibu.
Wa tatu ukatiririka,
mguu mmoja mrefu mweupe hadi kwenye mizizi.
Nikageuka kumwomba kitambaa;
alikuwa ameshaukanyaga ubao, anaujaribu kwa kisigino,
mara moja, mara mbili, kama anasikiliza gurudumu.

Basi la saa saba tukaliwahi, kwa mara ya kwanza.
Alilala tangu kituo cha pili.
Kidole gumba changu kilikuwa na buluu,
na sikukifuta.