Wa Sita

Ibra, banda la saluki, watoto wana wiki tano.
Muhanna anajaza daftari la nasaba:
mchanga, sawa; asali, sawa;
mweupe, riali elfu, mtu wa Al Ain keshalipa.
Wa sita ana milia. Kalamu ikasita.
"Huyu simwandiki. Daktari aje na sindano yake."

Bakuli la bati likaniponyoka.
Wakaruka watano, mwenye milia mbele,
mkia umesimama kama swali.
Mweupe kalala vilevile,
ubavu ukipanda, ukishuka.

Nikaligonga tena, karibu na sikio lake.
Hata unywele.

"Basi," Muhanna akasema, "wa Al Ain asijue."
Akapangusa vumbi kwenye jina la babu wa mbwa.
Namba ya daktari ingali kiganjani mwangu,
wino unayeyuka kwa jasho.