Chumvi Imezidi

Hapa Kitakata watu hula rameni asubuhi.
Saa moja kamili natundika pazia la mlango,
theluji imefika magotini,
na mvuke hutoka nje kabla mtu hajaingia.

Viti tisa. Cha tano kina mguu mfupi, nimekitilia karatasi.
Kando ya mashine ya tiketi nimefunga daftari kwa uzi,
na penseli, maana kalamu huibwa.
Andikeni, niliwaambia. Nilidhani nataka kujua.

Muuguzi Mizuho, akitoka zamu ya usiku, aliandika:
*Supu hii inanishika mbavu kama mkono wa mtu.*
Kisha akafuta *mkono wa mtu*.
Ufutio uliacha kivuli. Bado nakisoma.

Degawa wa lori la viazi hulalamikia nyama:
*Vipande vitatu! Enzi za mama mkwe wako vilikuwa vinne.*
Kweli, vilikuwa vinne.
Na nguruwe alikuwa na bei ya nguruwe.

Mgeni mmoja wa Osaka alizipiga picha tambi
za juu, za ubavuni, za kuning'inia kwenye vijiti,
mpaka zikavimba,
halafu akaandika kwamba zimevimba.

Mtoto asiyeweka jina alichora yai lililokatwa katikati,
na ndani ya kiini, jua lenye meno.
Hayo tu ndiyo maoni niliyoyabandika ukutani.

Na kila Jumanne, na kila Ijumaa, mwandiko wa kukwaruza:
*Chumvi imezidi. Kanbara.*
Miaka kumi na mmoja.
*Chumvi imezidi. Kanbara.*
Neno hakuongeza, tone hakubakiza;
bakuli alilirudisha jeupe, ungedhani limeoshwa.

Nilisema moyoni: chumvi anaitia yeye, kwenye maneno.
Lakini safari moja nikampunguzia robo kijiko, kimyakimya.
Akala, akafuta miwani, akaandika:
*Leo supu haina mwenyewe. Kanbara.*
Nikairudisha ile robo.
Ijumaa: *Chumvi imezidi.*
Nikapumua.

Mwezi wa pili alikosa Jumanne nne.
Kiti cha tano wakakikalia wengine, wakayumba, wakahama.

Akaja siku ya tufani, koti limempwaya,
cheti cha daktari kakikunja mara nne
kikawa kidogo kama tiketi ya mashine.
"Figo," alisema.
Akanunua bakuli kubwa, akaomba maji ya moto.

"Na rameni?"
"Iweke hapa. Mbele yangu."

Nikaiweka. Akainama juu yake.
Miwani ikaingia ukungu, asiifute.
Degawa, kiti cha sita, akaacha kufyonza,
na katika duka langu mtu akiacha kufyonza
unasikia jokofu, unasikia theluji ikiporomoka paani.
Alikaa hivyo, pua katika mvuke,
akinywa maji yake funda kwa funda,
mpaka mafuta yakaanza kuganda, duara kwa duara.
Ndipo akalisukuma bakuli upande wa Degawa.
"Vitatu hivi, na vyako vitatu," alimwambia.
"Sasa nyamaza."

Mlangoni alisimama na penseli muda mrefu kuliko alivyokaa.
Mtu wa umri wake husemwa kala chumvi nyingi.
Yake niliipima mimi,
kwa kijiko hiki, Jumanne na Ijumaa,
na hakuna mahali pa kuliandika hilo.

Alipotoka nililifuata daftari, mikono ingali na unga.
*Chumvi imezidi. Kanbara.*
Kwa pua tu!
Na chini yake, mara ya kwanza tangu tujuane,
mstari wa pili:
*Usipunguze.*

Nikachonga penseli.