Sifuri Mpaka Tatu

Maswali ishirini na moja, karatasi mbili, pini moja.
Sifuri: halinihusu kabisa.
Tatu: linanihusu mno, karibu kila wakati.
Nimeyauliza Pasua, nimeyauliza Njoro,
leo niko Kibosho kwa Ndeshukurwa,
migomba imesogea mpaka kizingitini.

"Wiki iliyopita, uliona ugumu kutulia?"
"Tunamshukuru Mungu."
Nikasubiri. Jibu hilo halina kisanduku.
"Basi weka sifuri," akasema, jicho kwa wifi yake
aliyekuwa akichambua maharage karibu mno nasi.
Sifuri, sifuri, sifuri,
mayai kwenye trei.
Buheri wa afya, kwa mujibu wa karatasi.

Wiki mbili zikapita, nikarudi na maswali yaleyale.
Ndivyo kipimo kinavyopimwa:
mtu yuleyule, jambo lilelile,
majibu yakifanana, unakiamini.
Wifi alikuwa ameshuka sokoni Mbuyuni.

Akaushika mkono wangu wenye kalamu.
"Pale chama cha msingi, karani wa kahawa
hupakia gunia mshale ungali unacheza.
Mimi humwambia, rudisha sifuri kwanza.
Wewe umerudisha?"

Sikuwa na la kusema. Nikasoma swali: huzuni.
"Huzuni ni ya msiba," akasema,
"watu huja na sukari, huja na unga, hulala matangani.
Hii yangu haina wa kuijia.
Ni mfereji ulioziba huko juu,
sisi wa chini tunaona tu udongo unapasuka.
Hiyo unaiandika wapi?"

Nikapekua. La tatu? La kumi? La kumi na saba?
Akanihurumia.
"Tatu," akasema. "Na hilo lingine tatu. Hilo, mbili,
kuna siku mbuzi hunichekesha."

Jioni mjini, Temu akainua miwani.
"Sifuri, halafu hamsini na moja. Mtu mmoja?"
"Mmoja."
"Basi amekosea, au umekosea, au dodoso limekosea.
Mfute."

Sikumfuta.
Niliandika pembeni kwa penseli,
pale ambapo kompyuta haisomi:
mara ya kwanza wifi alikuwepo.

Namba ya kliniki nilimwachia. Ni kila Jumatano.
Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga
panapokaa nauli.